Upepo Uliomleta Mama Kwenye Foni

Alhamisi. Kiangazi kimeshika kweli. Jua kali tangu asubuhi, na sasa alasiri upepo wa ziwa unapiga mabati, nguo nilizoanika nimeziokota mchangani.

Jirani amepandisha paneli za jua leo, kubwa, zinang'aa. Nimempongeza. Halafu nikaingia ndani nikalia, muntu muzima kama mimi. Nimemkumbuka Papa.

Sisi tulikuwa na umeme wetu wakati wa vita, ninyi mnaojidai leo.

Papa alikuwa fundi wa reli. Vita ilipokata njia, treni zililala, mazutu ya kuendesha jenereta hayakupatikana, mji mzima giza. Akafungua dinamo ya lori bovu, akachonga mapanga ya kuzungushwa na upepo kutoka mbao za mtumbwi mzee, akayasimika juu ya bomba refu nyuma ya nyumba. Kando akafunga paneli moja ndogo ya jua, imepasuka pembeni. Asubuhi jua linajaza betri, alasiri upepo unapokea zamu. Hakuna moshi, hakuna kelele, ila ule mlio wa vuu, vuu. Ninautamani mpaka leo.

Betri ile haikuwa ya taa. Ilikuwa ya foni, redio ya kusemezana na vijiji vya ziwa. Watu walijaa uani kwetu kutafuta ndugu zao. Sisi tulimwita Mama kwa foni hiyo: alikwenda Mpala, kijiji cha ziwani, kumuuguza dada yake, vita ikamfungia huko. Tuliokuwa tunaongea ni sisi watoto. Papa saa hizo yuko nje, anahangaika na mapanga yake ili sauti isikatike.

Sasa, kwetu kifo hakitangazwi kwenye foni, maana kila mwenye redio anasikia. Husemwa hivi tu: "Leteni mukubwa wa nyumba." Ukisikia hayo, unajua.

Siku moja mawingu yalifunika, upepo nao umelala. Papa alikuwa msikitini. Mpala ikaita, sauti nisiyoijua: "Kwa Papa Zena? Leteni mukubwa wa nyumba. Ni habari ya Mama Zena."

Betri ikaisha hapo hapo.

Zena ni mimi. Nilipiga yowe mtaa mzima ukasikia.

Jioni mikeka imetandikwa uani, shangazi wamefunga kanga kiunoni, sufuria za jirani zimefika. Papa hakukaa na waliokuja kumpa pole. Alipanda ngazi akaanza kuyazungusha mapanga kwa mikono, akazungusha mpaka viganja vikachubuka. Foni haikuwaka. Baba mdogo akamwambia, "Shuka, kaka. Mungu amekwisha kupanga."

"Nishuke niende wapi?" Papa akamjibu.

Sikuwahi kumsikia tena akiongea kwa sauti ile.

Kesho yake alasiri mawingu yalipasuka, upepo ukaja. Mapanga yakashika. Tulikaa tukingoja betri ipate nguvu. Kisha Papa akabonyeza kitufe mbele ya watu wote, akaita Mpala.

Aliyejibu alikuwa Mama.

"Papa Zena! Tangu jana nakuita, uko wapi?"

Papa akauliza, kwa shida, nani amekufa.

"Hakuna muntu amekufa. Kila siku naongea na watoto tu. Nilitaka kusikia sauti yako."

Kumbe mwenye foni kule alikuwa mgeni. Mama alimwomba aitiwe mume wake, naye akaita kama alivyojua, desturi yetu haijui.

Na Mama huyu ni yule aliyeona haya hata kukaa mkeka mmoja na mume wake mbele ya wageni! Papa alibaki na kitufe mkononi, mdomo wazi. Ndipo kituo kingine cha ziwani kikaingilia: "Papa Zena, jibu basi, sisi wote tunangoja!" Uani kukalipuka kicheko, shangazi wakapiga vigelegele, chakula cha msiba tukakila kwa furaha.

"Niko, Mama Zena," Papa akasema. "Niko hapa."

Wote wawili wamekwisha kutangulia. Mungu awarehemu.

Mume wangu yuko Nyunzu kwa kazi. Simu yangu inajaa chaji kwa jua, hakuna anayechubuka viganja, na kila siku tunaongea: unga, homa ya mtoto, bati linalovuja. Lini nilimpigia bila sababu?

Nampigia sasa hivi. Najua atashtuka, atauliza kuna nini. Nitamwambia ukweli, hata kama wenzake wa kazi wanasikia.