Mwambie Asogeze Fito

Lautoka
11 Septemba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na Baba na nguruwe wa jirani wameshapatana. Mimi ni mzima kabisa, ila nimezidi weusi, maana jua la huku magharibi mwa visiwa vyetu halina adabu.

Nimefika salama na nimepata chumba kwa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ananiita "beti", yaani binti, na ananilisha roti hadi naona haya. Mji mzima unanuka sukari iliyoungua kwa sababu kiwanda kinasaga miwa. Nguo zangu zote zinanuka hivyo hivyo. Lakini Mama, nimeupenda! Asubuhi navaa buti na kofia ya kazi, naingia kwenye pikapu ya kampuni, na wanaume wote wa barabarani wananikodolea macho. Wakodoe tu. Cheti cha upimaji ninacho na nimekitolea jasho.

Tunapima barabara inayopanuliwa kuelekea Ba. Mkubwa wa kampuni, Bwana Kearney, mtu wa Brisbane, amenipa miezi mitatu ya majaribio. Mwezi wa kumi na mbili kiongozi wa kikosi changu ndiye atakayesema kama nibaki au nifungashe. Na hapo ndipo pana mkosi.

Kiongozi huyo anaitwa Isikeli. Siku ya kwanza alinijia anacheka, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Waidrala, upande wa Savusavu. Akauliza mimi mtoto wa nani. Nikasema mtoto wa Mereoni. Mama, kicheko kilikatika hapo hapo. Akageuka akaenda zake, na hadi leo hajanisemesha hata neno moja!

Akitaka kitu anamtuma Dharmen, dereva wetu. Sisi tumesimama hatua chache tu, mimi nimeshika fito ya kupimia, na mambo yanakwenda hivi:

"Dharmen, mwambie asogeze fito kushoto."

"Dada, sogeza fito kushoto."

"Nimesikia, sijaziba masikio. Muulize kiasi gani."

"Anauliza kiasi gani."

"Kiganja kimoja."

"Kiganja kimoja, dada. Jamani, mimi nimesomea udereva, si ukalimani!"

Nikienda karibu naye, anahama. Nikikaa kula kivulini, anakwenda kula juani. Nadhani anawadharau wanawake, au anatudharau sisi watu wa kaskazini, au vyote viwili. Sasa mimi si wa kuonewa. Nimeshaandika malalamiko kwa Bwana Kearney, kurasa mbili, na mwisho wa mwezi nampelekea. Unaonaje?

Msalimie Baba, na wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Unaisi


Waidrala
21 Septemba 1994

Unaisi mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, goti limo mule mule, na nguruwe ameingia tena kwenye majimbi ya baba yako, kwa hiyo usiulize.

Usipeleke hayo malalamiko! Yachane sasa hivi, kabla hujasoma mstari wa pili. Nimempa barua hii dereva wa basi la asubuhi aiwahishe posta, maana nakujua ulivyo na haraka.

Huyo Isikeli ni mtoto wa Torika, na Torika ni dada yangu, tumbo moja, tumepishana kidogo tu, yeye ndiye mkubwa. Mtoto wa mama mkubwa ni nani kwako? Ni kaka yako. Na kaka na dada wakishakuwa watu wazima wanafanyaje? Hawasemezani, hawataniani, hawakai mkeka mmoja, na jina la mwenzako hulitamki. Hilo nilikufundisha tangu hujaota meno ya mbele. Kijana wa watu amekupa heshima yako yote tangu siku ya kwanza, na wewe umemkalia kikao cha mashtaka! Atakuwa amedhani unajua. Atakuwa amekuona unavyomfuatafuata akasema, huyu mtoto hakulelewa.

Utaniuliza mbona hukumjua. Hukumjua kwa sababu mimi na Torika hatusemi, tangu ulipokuwa darasa la tatu. Bibi yako alipokufa, Torika alikuwa huko kwa mumewe na meli zilikuwa zimezuiwa na tufani. Wazee walisema tungoje. Mimi nikasema tuzike. Alipofika alikuta udongo umeshakauka. Aliyonitamkia siku ile siyaandiki, na mimi nilimjibu. Yaliisha hapo.

Sasa kazi gani hiyo, mkuu wako hawezi kukufundisha na wewe huwezi kumuuliza? Rudi nyumbani. Mjomba wako wa Labasa anasema shule yao inatafuta mwalimu wa hesabu. Hapo hapakufai. Na habari zangu usimpelekee yeyote.

Mamako


Lautoka
2 Oktoba 1994

Mama,

Shikamoo, na poleni na nguruwe. Mimi mzima, ila aibu imenitafuna wiki nzima.

Nimeyachana. Vipande nimevitia jikoni kwa mama mwenye nyumba. Nakumbuka nilivyokuwa nikimwendea yule mtu hadi chini ya pua yake nimeshika kiuno, natamani ardhi inimeze. Siku hizi nikimwona anakuja nampisha njia na kuangalia chini. Amenielewa. Juzi alihamia kivuli cha mti wa pili badala ya kwenda juani.

Lakini sirudi, Mama. Mwambie Mjomba asante, hesabu zangu zina kazi huku. Sikusoma miaka yote ile ili nikaandike ubaoni Labasa kwa sababu kaka yangu ana adabu.

Nimepata njia. Sisi wapimaji tuna ishara za mikono tangu zamani, za kutumia mtu akiwa mbali sauti haifiki. Mkono wa kulia ukinyoshwa, fito inakwenda kulia. Wa kushoto, kushoto. Mkono ukisogea polepole, sogea kidogo tu. Na mikono yote miwili ikinyoshwa kando, ikapandishwa na kushushwa, maana yake: sawa, hapo hapo, imekaa vizuri. Basi Jumanne, Dharmen akiwa amesinzia kwenye pikapu, nikasimama na fito yangu kwa mbali nikangoja. Kaka akaangalia kwenye darubini ya kupimia. Akaangalia pikapu. Akaangalia mbingu. Halafu akanyosha mkono wa kulia.

Nikasogea kulia!

Mama, tulipiga vigingi vingi siku ile kuliko wiki nzima iliyotangulia. Mwishoni kabisa, kwa mbali, akanyosha mikono yote miwili akaipandisha na kuishusha kama kuku anayetaka kuruka. Nilicheka peke yangu barabarani. Siku hizi akitaka kunifundisha hesabu ya kona, anaiandika kwenye karatasi, anaiweka juu ya boneti, anaondoka, na mimi ndipo naenda kuisoma. Anafundisha vizuri. Dharmen amenenepa kwa usingizi.

Sasa na mimi nikuulize. Kaka na mimi tunanyamaziana kwa heshima. Wewe na mama mkubwa mnanyamaziana kwa nini?

Usinikasirikie.

Mwanao,
Unaisi


Waidrala
19 Oktoba 1994

Unaisi,

Sisi wazima. Mvua ni nzuri.

Barua yako nimeisoma mara moja nikaifunika chini ya Biblia. Chuo cha Suva kimekupa cheti cha kupima ardhi, hakijakupa cha kupima mama yako.

Kama umeamua kukaa, kaa, lakini fuata mstari. Usije ukajisahau siku moja ukamsemesha. Huku habari inafika kabla ya meli.

Nasuka mkeka. Ule mkubwa, wenye nyuzi nyekundu pembeni. Usiniulize wa nani.

Huyo kijana anafanana na nani? Alipokuwa mdogo alikuwa na masikio ya bibi yako. Nauliza tu.

Mamako


Lautoka
17 Novemba 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Moyo ndio unaohangaika, kwa hiyo nakwambia moja kwa moja.

Nimemsemesha.

Ilikuwa Jumatatu. Kaka alikuwa ameinama kwenye darubini, mgongo kwenye kilima cha udongo, na mimi niko upande wa pili na fito. Nikaona tingatinga inarudi nyuma kumfuata. Dereva wake alikuwa ameangalia upande mwingine. Nikatupa fito, nikapunga mikono yote, nikaruka-ruka. Lakini mtu mwenye jicho kwenye darubini haoni ishara, anaona kile kitundu tu. Dharmen amelala. Injini inanguruma.

Nikapiga kelele, "Isikeli! Kimbia! Nyuma yako!"

Kwa jina lake, Mama. Mbele ya vibarua wote, na wengi wao ni watu wetu.

Akaruka. Tingatinga ikaikanyaga darubini na miguu yake mitatu ikawa kuni. Yeye alianguka kwenye mtaro, akainuka ana tope hadi kwenye nyusi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kwanza. Halafu akaangalia chini, akaingia kwenye pikapu, akaondoka. Hajarudi kazini hadi leo. Wanasema yuko kwa mama yake, huku huku mjini.

Wengine wamenipa mkono. Wazee wawili wamenigeuzia mgongo, na mmoja alisema nikisikia, "Angeweza kumwita kwa jina la mwingine." La nani, jamani? La tingatinga?

Bwana Kearney ameniita. Anasema ripoti juu yangu anaitaka kutoka kwa Isikeli ifikapo tarehe tano Desemba, na kama sisi wawili hatuwezi kufanya kazi pamoja, mmoja ataondoka. Sote tunajua ni nani.

Sijuti, nakwambia kweli. Kesho ikitokea tena nitapiga kelele zaidi ya zile. Lakini naogopa. Naipenda kazi hii, na nimeshaanza kumpenda kaka yangu, na huenda nimevipoteza vyote kwa pumzi moja. Nani atanipelekea mizizi ya yaqona, ile ya kuombea radhi, kwa mama mkubwa? Mimi ni msichana, niko peke yangu, na mlango ule wa ukoo uliufunga wewe.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Unaisi


Lautoka
1 Desemba 1994

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Basi la posta limepita mara ngapi! Hata kunitukana hunitukani?

Kaka bado hajarudi. Jumatatu ndiyo tarehe tano. Buti zangu nimezipaka rangi, nitaingia mle ofisini nimesimama wima, liwalo na liwe.

Mwanao


Waidrala
14 Desemba 1994

Unaisi mwanangu,

Tumefika salama, mimi na goti langu. Baba yako amekonda kwa kujipikia. Nguruwe ameuzwa. Mungu ni mwema.

Jumapili ile ulipoitwa kwa mama yako mkubwa, ukaingia ukanikuta nimekaa kwenye mkeka nakuna nazi kana kwamba sijawahi kuondoka, ulishika mdomo. Nilitamani kukueleza, lakini mbele za watu nisingeweza. Sasa soma.

Barua yako ilinifikia nikiwa namaliza pembe ya mwisho ya mkeka. Sikukujibu kwa sababu nilijua nikiandika nitaandika ujinga. Nikakunja mkeka, nikafunga mizizi ya yaqona, nikapanda meli, na meli haikuniacha na kitu tumboni. Nilifika kwa Torika Jumamosi asubuhi. Alikuwa anafua. Akaniona. Akaendelea kufua. Mimi nikaketi kwenye ngazi na mzigo wangu, jua likinipiga, naye akafua nguo zote, akazianika moja moja, akafua hata zilizokuwa safi, nimeziona kwa macho yangu.

Mwisho akaja akakaa mbele yangu. Nikaweka mkeka na yaqona mbele yake, nikainamisha kichwa, nikasema nimekuja kuomba radhi, mwanangu amemtamka kaka yake kwa jina na kumpigia kelele mbele za watu.

Akajifuta mikono. Halafu akaniuliza, "Mereoni, umekuja kwa kosa lipi?"

Nikajaribu kusema "la mtoto." Halikutoka. Nikasema, "Yote mawili."

Akasema, "La mtoto silipokei. Mtoto ameniachia mwanangu hai, siwezi kupokea radhi kwa hilo. Lako nalipokea." Akagusa ile yaqona. Baadaye tulilia hadi majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Nikasema mama yetu. Wakauliza lini. Torika akasema, leo ndiyo tumemzika.

Isikeli alikuwa ndani, anasikia yote. Siku zote zile alikuwa akimwambia mama yake, "Mimi siwezi kumshukuru kwa mdomo wangu, nenda wewe kwa Mama Mereoni ukamshukuru." Naye anakataa katakata. Wanangu, mna mama wakaidi. Ana masikio ya bibi yako kweli.

Ya Jumapili uliyaona mwenyewe. Yeye upande ule wa mkeka, wewe upande huu, mkewe anapitisha bakuli katikati. Shemeji yangu akauliza, je, ripoti ya kesho inasemaje? Wote tunakutazama wewe, na wewe unatazama muhogo. Ndipo kijana, macho kwenye sahani yake, akanyosha mikono yote miwili kando, akaipandisha, akaishusha. Karibu ampige mkewe. Wewe ukaangua kicheko ukaangua na kilio. Torika akaninong'oneza, "Ana nini huyu, kaumwa na mdudu?" Nikamweleza, maana mimi niliisoma kwenye barua yako. Ile ya chini ya Biblia, ndiyo. Niliisoma zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo Jumatatu ulipokuja mbio kituoni kuniambia umepata kazi, sikushtuka. Nilikuwa najua tangu kwenye muhogo. Mjomba wa Labasa nimeshamwambia atafute mwalimu mwingine.

Hujaona la mwisho, ulikuwa umesharudi kazini. Torika alinisindikiza hadi basini. Tulishaagana, tumeshalia, basi limewaka linanguruma, na yeye anasema kitu nje sikisikii. Mimi nasema, sikusikii! Yeye naye hasikii. Akaweka kapu lake chini katikati ya watu. Akanyosha mikono yake yote miwili, mikubwa ile, akaipandisha na kuishusha.

Nikatoa yangu dirishani nikamrudishia. Dereva akafoka nitakatwa mikono. Nikamwambia wewe endesha tu.

Januari anakuja kuliona kaburi. Kula vizuri, na msalimie kaka yako, kwa njia yenu.

Mamako,
Mereoni