Karatasi ya Kufunga Mudomo

Goma, Katindo, tarehe 4 Mei 2012

Mama mupenzi,

Habari ya Butembo? Goti linauma bado? Sisi tuko wazima. Charline amepata jino la pili, ananiuma akinyonya. Benny, baba yake, hajarudi tangu aende Walikale, basi naongea na sufuria.

Mama, nimepata bahati. Mama Généreuse, mwenye duka, butike ya kule Himbi, amependa sabuni yetu ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, ile uliyonitumia. Anataka niitengeneze kwake. Alinipa karatasi ya Kifaransa, nikaona neno « secret », ni kusema siri. Nikafurahi, maana na wewe ulinifundisha kuficha. Nikasinye, nikaweka jina langu chini. Nyuma yake nikaandika namna yote ya kutengeneza, vile aliniomba.

Mutoto wako, Kahambu

Butembo, 2 Juni 2012

Kahambu wangu,

Goti linauma mvua ikinyesha tu. Huyo mwenye meno umubusu.

Karatasi hiyo inafunga midomo mingapi? Kama ni wako peke yako, yeye anaweza kuuza siri yetu, na wewe hauwezi hata kumufundisha Charline. Tafuta mutu akusomee neno kwa neno. Kisha omba ingine: munyamaze wote wawili, na iandikwe kwamba sabuni ilikuwa yetu mbele ya kukutana naye.

Usilie. Haukuandika yote, sababu haujue yote. Kwetu kitu cha mwisho cha kutia ndani ya sabuni, binti anaambiwa siku mutoto wake wa kwanza anatembea. Mimi pia nilingojea.

Mama yako

Goma, 9 Julai 2012

Mama,

Umeamukaje? Huku tunasikia mabaya ya vita upande wa Rutshuru.

Mwalimu Zéphirin, jirani yetu, alisoma karatasi, akapiga mikono: « Mama Charline, umejifungia inje ya nyumba yako! » Mimi nilikatazwa kusema miaka kumi. Mama Généreuse hakukatazwa hata siku moja.

Lakini sabuni aliyopika kwa maandiko yangu ilipasuka yote kisha wiki moja. Akaniita: « Umenificha kitu! »

« Sikuficha, Mama. Mimi mwenyewe sijaambiwa. »

Ungemuona uso! Akajua bila sisi hana kitu. Alichana ile karatasi mbele ya Zéphirin, tukasinye mupya. Inafunga sisi wawili. Mwenye sabuni ni mimi. Na kuna mustari wa watu ninaoweza kuambia: nimeandika Charline.

Mama, juzi ametembea! Hatua saba, akaanguka kwa beseni. Kazi itaanza nikipata kitu cha mwisho. Barabara ni mubaya, kiandike tu, umupe Émile dereva.

Kahambu wako

Butembo, 30 Julai 2012

Binti yangu,

Salamu kwa hatua saba! Nilisomea majirani.

Lakini kitu hiki hakiandikwe. Barua zinafunguliwa na askari barierini, na hakuna karatasi inayofunga mudomo wa barabara. Kinaambiwa sikioni, mukono juu ya mukono, sufuria ikiwa motoni. Nakuya mwenyewe na gari ya Émile. Tandika kitanda.

Mama

Goma, 16 Desemba 2012

Mama,

Sijui nikuulize habari gani.

Ni miezi minne tangu Émile afike na kibegi chako. Anasema waliposikia masasi ya bunduki kila mutu alishuka na kukimbia upande wake. Alipiga honi sana. Wengine walirudi.

Ndani kulikuwa kitenge cha Charline na kipande cha sabuni. Hakijapasuka mupaka leo. Nanusa, nalamba. Nimejaribu chumvi, nimejaribu asali. Zangu zote zinapasuka. Mama Généreuse ananiambia: « Tumungojee mama yako. » Kitanda kimetandikwa.

Barua hii namupa Émile. Anaionyesha kila mahali wakimbizi wamelala.

Siri siitaki tena. Ambia mutu yeyote aliye karibu nawe, aniletee maneno yako, nijue uko muzima. Mimi ndiye nilisinye. Wewe haukusinye kitu, Mama. Sema.

Mutoto wako, Kahambu