Wanachama Hewa wa Mulekera

Jumatatu, 9 Oktoba 2023. Beni

Kesho naenda Butembo. Kongamano la siku tatu juu ya data kubwa, "données massives". Mkurugenzi wetu, papa Ézéchias, kanipa habari kama mtu anayetoa zawadi: "Jokébed, colloque njo inafunguaka mutu macho."

Macho yangu yako wazi tangu Jumamosi. Siku hiyo kooperative yetu ya kakao ilimkataa shangazi yangu kwenye mizani. Miaka yote anatuuzia sisi. Safari hii tablet ikasema mwanachama huyo hayupo. Na mimi ndiye mtunza data! Nimewapigia simu wenye mfumo wa tablet hizo kule Kinshasa, hakuna anayepokea.

Magunia yake yako sebuleni kwangu. Mvua haikatiki, na kakao ikipata unyevu inaota ukungu. Shangazi Kavuo kaketi juu ya gunia, anacheka kwa hasira. "Banasema miye hapana kuwa. Basi ule mwenye kulalaka mu kitanda yangu ni nani?" Tukacheka wote. Akikosa mizani yetu, watakuja wale wanunuzi wa uchochoroni. Watampa wanachotaka wao. Msimu mzima wa jasho lake.

Jumanne, 10 Oktoba. Butembo

Baridi. Nimesahau sweta. Nguo zangu zinanuka kakao, dada wa mapokezi kasogea nyuma kidogo.

Hotuba asubuhi nzima. Kila msemaji anashukuru kila mtu, kisha anamshukuru aliyemshukuru. Mmoja kasema data ndiyo petroli mpya. Aliyemfuata kasema hivyo hivyo, na akapigiwa makofi upya. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tumepewa kofia, begi na kalamu yenye nembo. Halafu kuku, samaki, frites. Papa Ézéchias kajaza sahani mara mbili. Eti hapa ndipo mtu anajulikana. Sijaona mtu akijulikana, nimeona watu wakila.

Jumatano, 11 Oktoba. Butembo

Nimejua aliyemfuta shangazi.

Ni Docteur Gérard, bwana wa mfumo, kaja kwa ndege kutoka Kinshasa. Kasimama mbele, suti ya bluu, kasema mashine yake imesafisha orodha ya kooperative moja ya Beni. Theluthi ya wanachama walikuwa "fictifs", hewa tupu. Ramani ikatokea ukutani. Mulekera, vilima vyetu! Vidoti vyekundu, kila kimoja mwanachama, vikazimika kimoja kimoja, na muziki juu. Ukumbi ukapiga makofi. Nikatafuta kilima cha shangazi, kilikuwa tayari kimezimika.

Kanuni yake ni rahisi: jina moja, kilima kimoja, simu moja — basi mtu mmoja.

Kwa Wanande! Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambere, wa nne Kakule, nyumba hii na nyumba ile, kilima kizima. Wasichana vilevile. Ongeza jina la ubatizo ambalo kila mzazi wa parokia amelipenda. Shangazi yangu ni Kavuo Adèle. Jirani yake, mwenye shamba linalopakana na lake, naye ni Kavuo Adèle. Na simu ni moja, ya jirani, ndiyo wanaitumia wote wawili. Mashine ikawatazama, ikabakiza mmoja.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni kaja, mwenyeji kafutwa.

Lakini Gérard ni mgeni, simlaumu sana. Papa Ézéchias ni Kakule! Ana majina sawa na nusu ya binamu zake. Na alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi mpaka saa inamshuka mkononi. Nikamfuata kwenye kahawa. Nikamwambia hao si hewa, shangazi yangu ni mmoja wao.

Akakoroga sukari. "Najua, mutoto wangu. Mais bazungu benye kununua kakao balisha kufurahi juu ya ile liste. Donc tuache kwanza."

Najua, kasema. Kwa hiyo kongamano lina faida yake. Nisingekuja, ningekuwa bado namlaumu kijana wa mizani. Sikula mchana.

Alhamisi, 12 Oktoba. Butembo

Leo vyeti. Mshereheshaji kaita: "Kambere Zacharie."

Wanaume watatu wakasimama. Watatu! Mmoja wa Masereka, mmoja wa Kayna, mmoja wa hapa mjini. Nikasema basi, docteur kajionea mwenyewe, sihitaji kusema neno.

Ukumbi ukacheka. Docteur kaangalia tablet yake, akasema mfumo unaonyesha Kambere mmoja tu. Yule wa mjini, aliyekaa karibu, akaenda kuchukua cheti. Wale wawili wakatabasamu, wakanyoosha koti, wakaketi. Hakuna aliyewalazimisha. Siku tatu wako hapa, wamekula, wamepigwa picha — wakaketi. Nilitamani kutema mate kwenye zulia. Nikainua mkono. Docteur kasema muda wa maswali uliisha jana.

Baadaye wakaniita kwenye chumba kidogo, docteur na papa Ézéchias. Karatasi moja mezani. Mimi, mtunza data, nathibitisha kwamba wanachama waliobaki ndio wa kweli. Bila saini yangu orodha haiendi kwa wanunuzi wa nje. Nikisaini, nitaongoza kazi hii eneo zima la Lubero, na kongamano lijalo ni Kinshasa, kwa ndege. Nisiposaini… Papa Ézéchias kasema kwa upole, upole unaochukiza: "Batoto benye kujua ordinateur beko bengi, Jokébed."

Nimeomba kwenda chooni. Ndipo nilipo. Nimeketi juu ya kifuniko, daftari juu ya goti. Harufu ya sabuni ya waridi, na chini yake ile nyingine.

Simu imelia. Kioo kinasema Kavuo Adèle — ni simu ya jirani, sauti ni ya shangazi. Ukungu umefika katikati ya gunia. Wanunuzi wa uchochoroni wako mlangoni kwangu, wameleta mizani yao. "Niuzishe ao ningoje? Weye njo uko kule kwa benye akili. Uniambie."

Nimesema asubiri kidogo. Hajakata, namsikia anahema.

Papa Ézéchias anagonga. Anasema docteur anachelewa ndege. Anauliza kama nimeondoka na kalamu yao ya kusainia. Ndiyo, ninayo, ndiyo hii ninayoandikia.