Mwenye Kushindwa Atoe Fimbo

Mujukuu wangu Solange,

Huku Panda tuko muzuri. Mama yako amepona malaria, anakusalimia sana. Unaniuliza kama ulikosea kumushinda shefu wako ku bilyari, mbele ya bantu ba kazi.

Sikia. Wakati wa chama kimoja, miye nilimushinda mukubwa wa chama ku bilyari, pale cercle, nyumba ya michezo ya bafanyakazi. Fimbo nzuri ya kupigia mipira ilikuwa moja, na desturi yetu mwenye kushindwa anamupa aliyemushinda. Yeye akaikamata tu, akakatala kuitoa, akasema:

«Mwanamuke, tuanze upya.»

Nikanyoosha mukono anipe fimbo. Bwana yangu akaninong'oneza: «Acha, mama.» Sikuacha. Nikabakia vile, mpaka akanipa.

Kesho yake balinikataza kuingia, mengine tuyaache. Lakini mukono wangu haukurudi mutupu.

Weye, usiombe pardon.

Nkambo wako