Ulisema Unamwachisha Ziwa

Wifi yangu mpenzi Salma,

Hilo la mpenzi nimeliandika kwa mazoea, usilitilie maanani. Barua hii siifungi. Nimeiacha wazi makusudi, ili kila atakayeipitisha mkononi, toka hapa Bagamoyo hadi mlangoni kwako Unguja, aisome akitaka. Uliyonitendea sioni kwa nini nikusitirie.

Unakumbuka mwanangu Zuhura alipokuwa mchanga, nikimlaza mkekani huku nakuna nazi? Nilikuwa nikimweleza kila kitu: hii nazi, hiki kifuu, hili tui zito, hili jepesi. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Wifi," uliniambia, "shingo yenyewe haijakaza, unamfundisha kupika?" Nikakujibu kuwa baba yangu, aliyesomesha chuo cha Kurani kule Kaole, alitusemesha hivyo sote tangu tukiwa wachanga. Mtoto asiyesemeshwa atayapata wapi maneno?

Hazikupita siku nyingi ukawa mwanafunzi wangu. Wewe hukujaaliwa mtoto, na kaka yako alikwishaingia bara na msafara wa pembe, mpaka leo hajarudi. Basi tukamlea wawili. Ulijifunika uso kwa ukaya wako, ukafunua, naye akacheka hadi akashikwa na kwikwi. Wapagazi wakipita na ngoma zao ulimbeba mpaka dirishani. "Hao wapagazi, mama, wametoka Unyamwezi," ukirudia bila kuchoka. Siku moja akasikia ngoma, akanyoosha kidole, akasema, "Pagaji." Mimi nilicheka, wewe ukatokwa na machozi. Siku ile nilikupenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Nakwambia hivyo ujue umekanyaga nini.

Kisha ikafika zamu ya kumwachisha ziwa. Nilipaka shubiri, akalamba, akakunja uso, akaendelea kunyonya. Ukanikumbusha desturi ambayo kila mtu hapa anaijua, kwamba mtoto akishindikana hupelekwa akalale kwa shangazi yake mpaka asahau ziwa. "Nipe mimi, wifi. Nyumba yangu si hapo tu? Akisahau nakuletea." Nikakupa, na kikombe chake na kikanzu chake. Maziwa yalinijaa mpaka nguo ikalowa, nikajizuia nisije, maana ndivyo inavyotakiwa, mama asionekane. Uliijua vizuri desturi hiyo, Salma. Ulijua sitakuja.

Nilipokuja nilikuta kufuli mlangoni. Jirani yako akanitazama kwa huruma. "Kwani hukuambiwa? Wameshahamia Unguja, tena zamani."

Nilikutumia salamu kwa kila aliyevuka. Ukanijibu kuwa bado analikumbuka ziwa. Mtoto mwenye meno mdomo mzima, anayetafuna miwa, bado analikumbuka ziwa. Hata hapo nilikuvumilia. Nilijiambia upweke ndio uliokusumbua, utakapotulia utamleta mwenyewe.

Juzi Bi Time, yule muuza udi tunayemjua sote, amerudi kutoka huko. Anasema alikaa ukumbini kwako, akamwona Zuhura amekua, maneno yanamtoka safi. Akamtania, "Mama yako nani, bibi?" Mwanangu akamjibu, "Mama yangu amekufa." Kisha akainua viganja vyake viwili kama watu wanaomwombea maiti, akasema, "Amin." Bi Time alishindwa kumaliza kunisimulia.

Mtoto wa umri ule hajui kufa ni nini. Hasemi ila alichosemeshwa. Na kazi ile naijua, wifi, nimeifanya tangu hajakaza shingo. Neno haliingii kwa siku moja. Unakaa naye chini, unalirudia kwa sauti tamu, akikosea unamrekebisha taratibu, akipatia unambusu. Basi nawe ulikaa na mwanangu hivyo. Ulimshika viganja ukamwonyesha vinavyoinuliwa. Na alipopatia, ulimbusu? Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata kuninyang'anya kwenyewe. Ungetaka tumlee pamoja maisha yetu yote, ningehamia kwako na mkeka wangu, na wala nisingeuliza kitu. Wewe ukaona heri kunizika.

Nimeshaaga nyumbani. Barua hii ikikufikia, nami niko nyuma yake. Usimfiche, usimwandae, wala usimwambie mimi ni nani. Ataogopa, najua, maana ataona maiti ameingia mlangoni. Nitakaa chini, mbali naye kidogo, nimngoje mpaka anisogelee mwenyewe, anishike, aone nina joto.

Nisalimie wote wa humo nyumbani kwako.

Ni mimi wifi yako, mama yake Zuhura, niliye hai.