Wageni wa Uwanja wa Chini

Pian di Corte, 6 Oktoba 1994

Mwanangu Fausto,

Hujambo? Na huko Torino hawajambo? Mimi nipo, goti linasumbua lakini natembea.

Kuna mtu na mkewe wameegesha gari lao la kulala kwenye uwanja wetu wa chini, karibu na mialoni. Waliomba siku mbili, leo ya tano. Wanasema wanapumzika. Wanakaa vitini, wanakunywa kahawa, wanatazama vilima. Nani anatazama vilima siku tano? Tena wana mbwa wa manyoya ya kusokotana, aina ileile ya Birba wangu. Mtu haleti mbwa wa kunusa tartufi huku mwezi wa Oktoba, msimu wenyewe, kwa bahati tu. Marehemu baba yako alinionyesha mimi peke yangu mahali uyoga ule wa bei kubwa unapochimbwa, na hawa hawatapajua kwa kunichekea.

Mama yako

Torino, 11 Oktoba

Shikamoo mama,

Sisi wazima, mke wangu Mirella anakusalimu sana. Waache watu wapumzike. Mwaka jana ulimshuku hadi padri, kisa viatu vyake vina matope. Ila kwa kuwa umegusia mwenyewe, nami ningependa kupajua mahali pale. Una miaka sabini na sita, mama. Niandikie tu.

Mwanao

Pian di Corte, 15 Oktoba

Fausto,

Salamu zimefika. Sijambo.

Jana yule mwanamke, Tiziana, aliniletea supu, akauliza kama mguu umepona tangu nianguke Machi. Nikamshukuru. Kisha nikakaa kufikiri. Kuanguka kule sikumwambia mtu, hata jirani yetu Settimio. Nilikuandikia wewe peke yako. Nikamwendea mumewe, Loris, nikamuuliza nani amewatuma. Akatazama kikombe chake.

“Mama, kahawa inapoa,” akasema.

Sikuhitaji jibu jingine. Wao wanifuate msituni, na wewe uniombe kwa upole kwa barua. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Imeniuma sana. Nimewaambia waondoke, na wameondoka.

Ersilia

Torino, 20 Oktoba

Shikamoo mama,

Naomba uisome hii hadi mwisho. Ni kweli niliwatuma. Tiziana ni muuguzi, Loris nafanya naye kazi. Mbwa wao ni mzee, hanusi hata nyama. Sizitaki tartufi, mama. Mirella hata harufu yake haiwezi. Machi ulilala chini huko msituni hadi adhuhuri, ukajikokota mwenyewe hadi nyumbani. Kama ungeshindwa, ningewaambia watu wakutafute wapi? Baba ulimkuta hukohuko ameshakata roho. Naogopa yasikupate hayohayo.

Mwanao

Pian di Corte, 27 Novemba

Mwanangu Fausto,

U mzima? Na Mirella je? Mimi mwili ni mzima. Barua yako imekaa mezani zaidi ya mwezi, kila nikila naiona.

Kuhusu baba yako nilikudanganya. Alipochelewa kurudi asubuhi ile, nilijua alipo. Settimio alikuja na watu watatu kunisaidia. Nikawatuma upande wa kijito, nikijua kabisa hayuko huko. Mimi nikaenda peke yangu, tena kwa kuzunguka, napanda huku nashuka kule, kama wachimbaji wote wa hapa tunavyofanya ili mtu asitufuate. Nilipofika alikuwa bado anapumua.

“Umechelewa, Ersi,” akaniambia, wala hakuwa na hasira. Hakusema tena.

Miaka tisa sijamwambia mtu. Niliona ni afadhali unione mkaidi kuliko ujue hili.

Barua hii Settimio ndiye atakayeipeleka posta, na bahasha sijaifunga; akitaka kusoma, asome. Sasa sikiliza. Toka mlango wa nyuma, vuka uwanja wa chini walipokaa wageni wako, fuata ukingo wa mizabibu hadi jiwe la mpaka lililopasuka. Hapo panda moja kwa moja hadi kwenye mialoni miwili iliyoshikana. Ni mwendo wa dakika ishirini. Mimi siku ile nilitumia saa mbili.

Mama yako