Kompyuta Iliyobadilishwa Sauti

Nyumbani, juu ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi uliko? Na shemeji je, lile goti limemwachia, au bado anapanda ngazi huku akilalamika? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na ameanza tena kugombana na redio, kwa hiyo jua kwamba amepona. Pacha wamerefuka mpaka sare za shule zimewakimbia miguuni. Baba Pacha yuko chini kwenye chumba chake cha kunyolea, kando ya duka la viatu, maana Jumapili ndiyo watu hukumbuka kuwa wana nywele. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Naandika kwa kompyuta ndogo ya Baba Pacha. Ukikuta neno limekatika mkia au sentensi imeishia hewani, usidhani mdogo wako amesahau kuandika. Kila baada ya mistari michache nainuka, nazunguka meza, nashika pazia, narudi.

Dada, hospitalini wametubadilishia mfumo wa kompyuta. Mashine ni zilezile, lakini ule mfumo wa ndani unaoendesha kila kitu tangu unapobonyeza kitufe cha kuwasha umeng'olewa, ukawekwa mwingine. Walifanya kazi hiyo mwisho wa wiki, sisi tukiwa majumbani. Jumatatu nikaingia ofisi ya ripoti kama kawaida, nikatundika mkoba, nikavaa hedifoni, nikawasha.

Kimya.

Kazi yangu unaijua, ila sijui kama nimewahi kukueleza inavyokwenda. Daktari wa picha anatazama picha ya mfupa au kifua, anasema anachokiona, maneno yake yanarekodiwa. Mimi namsikiliza kwa sikio moja na kuchapa. Kwenye sikio la pili kompyuta inanisomea kilichopo kwenye skrini, maana macho yangu hayajanisaidia tangu ule utoto wetu, wewe ukinishika mkono kunipeleka shule ya wasioona. Sauti ile ndiyo macho yangu ya kazini. Ikinyamaza, nimekaa mbele ya boksi.

Wenzangu walikuwa wanashangilia. Jirani yangu wa meza tunamwita Mama Kicheko, kwa sababu akicheka wanasikia hadi wodini.

"Jamani, tazameni! Imekuwa nzuri kama simu mpya! Mama Pacha, kwako inaonyesha nini?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa?"

Akacheka, kisha akakatisha kicheko katikati. "Haisemi?"

"Haisemi."

Fundi wa kompyuta alikuja kabla ya mchana. Ni bwana mmoja mpole, humjua kwa harufu ya peremende kabla hajafungua mdomo. Akaniambia ile programu yangu ya kusoma haikubaliani tena na mfumo huu, lakini mfumo wenyewe umekuja na sauti yake. Akahangaika, akabonyeza, na kweli sauti ikatoka.

Sauti ya zamani nilikuwa nayo tangu nianze kazi. Ilikuwa ya kiume, kavu, ya haraka kama ya mnadi sokoni, na niliifundisha mimi mwenyewe kutamka maneno yetu, neno kwa neno. Hii mpya ni ya kike, laini, na inavuta pumzi kabla ya kusema. Nimeiita Bibi Harusi, kwa jinsi inavyojivuta wakati watu wameshajaa ukumbini. Kiswahili anakisoma kama mgeni aliyeshuka leo asubuhi. Mbavu kwake ni "em-bavu". Mgonjwa anamkata vipande viwili kabla hata daktari wa upasuaji hajafika.

Na hayo ni madogo. Wenye macho wanaona vipicha: hiki cha folda, hiki cha kuchapisha, hiki cha kutuma. Waliotengeneza mfumo wamevichora vizuri, lakini wamesahau kuvipa majina. Basi mimi nikitembea juu yake kwa vidole nasikia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini, bibi wewe? Haniambii.

Vidole vyangu navyo vinajua njia za zamani. Nabonyeza vitufe vya kuhifadhi faili, dirisha linafungwa. Nabonyeza vya kurudi nyuma, naambiwa nimefungua hali ya hewa. Hali ya hewa, Dada! Nimeshika kifua cha mtu mkononi, nasomewa kwamba kesho kutakuwa na mawingu.

Ripoti zikaanza kulimbikizana. Zamani nilikuwa wa kwanza kumaliza, sasa wenzangu wanafunga mikoba na mimi bado natafuta faili la asubuhi limekwenda kukaa wapi. Nyumbani nikawa sikaliki. Nafagia palipofagiliwa, naanika nguo zilizokauka, nawafokea pacha kwa kosa la kupumua. Baba Pacha akaniambia, "Mke wangu, keti basi. Hata kiti kinakungoja." Nilimjibu vibaya, akashuka kwa wateja wake. Sikufurahi hata kidogo.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Kuna mwanamume aliletwa, alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba. Walimpiga picha miguu yote miwili. Daktari alisema mguu wa kushoto hauna tatizo, na wa kulia mfupa una ufa karibu na kifundo. Niliyasikia yote, nikayachapa yote. Lakini katikati ya kuchapa, dirisha dogo lilikuwa limeruka lenyewe mbele ya kazi yangu, kunikaribisha nijifunze mambo mapya ya mfumo. Maneno yote niliyochapa tangu hapo yakaingia huko, yakamezwa. Bibi Harusi alikuja kunitangazia dirisha hilo nilipokwisha kumaliza, nami nikalifunga kwa hasira na kutuma ripoti.

Daktari akaja mwenyewe. Nilimjua kwa viatu, anatembea kama mtu anayepiga misumari.

"Mama Pacha, mguu wa kulia umekwenda wapi?"

"Nimeuandika, daktari."

"Haumo." Akanisomea. Kweli ripoti iliishia mguu wa kushoto, hauna tatizo, basi. "Nimekumbuka kwa bahati tu, kwa sababu huyu bwana alinichekesha. Angekuwa mtu mwingine ningesaini. Hivi sasa yupo nje, anauliza kama anaweza kurudi kwenye ngazi yake."

Dada, nilimwomba anisomee tena. Miaka yote hii watu wamenisifu kwa kasi, lakini mimi moyoni nilijisifu kwa jambo moja tu, kwamba mgonjwa hajawahi kuumia kwa ajili yangu. Mama Kicheko alisogeza kiti chake mpaka kikagusa changu. Hapo ndipo nilipojua kuwa ni zito.

Msimamizi wetu akaniita. Akaanza, "Hakuna anayekulaumu," nami nikajua lawama imeshavuta kiti na kukaa. Akasema labda nipumzike kidogo, nihamie kupokea simu mapokezi, ni kazi nyepesi. Nikamwambia sitaki kazi nyepesi, nataka mfumo wangu wa zamani, hata kama ni kwenye mashine moja tu ya mwisho. Nilimsihi sana, Dada. Nilimsihi mpaka nikajionea aibu.

Akakubali. Fundi akatafuta mashine iliyokuwa haijabadilishwa, akaiweka kwenye chumba cha mwisho wa korido, kule wanakohifadhi picha za eksirei za zamani. Haikuruhusiwa kuunganishwa na nyingine. Rekodi nitaletewa kwenye flashi, na ripoti zitachukuliwa kwenye flashi. Nikawasha. Sauti ile kavu ikanisalimu kwa haraka zake zote, nami nikalia peke yangu na kucheka humohumo. Siku hiyo nilichapa kama upepo. Niliporudi nyumbani niliimba jikoni, na Mama akazima redio anisikilize.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hata mimi nilidhani.

Kile chumba kina mlango mzito unaojifunga wenyewe, na maboksi yananuka dawa ya kusafishia picha. Mtu haingii ila mleta flashi, naye anaiweka mezani na kuondoka. Namsikia Mama Kicheko akicheka nyuma ya ukuta na sijui kilichomchekesha. Siku moja nilikaa nikingoja kuitwa chai mpaka nikasikia vikombe vinaoshwa. Hawakunitenga kwa ubaya, nilijua. Walinisahau, na hilo lilinichoma zaidi. Nikaanza kutoka nje ya mlango na kusimama koridoni bila shughuli, nikijifanya nanyoosha mgongo, ili tu nisikie watu wanasema nini. Walikuwa wanagombana na mfumo uleule. "Wewe, umeipataje ile ya kuchapisha?" "Bonyeza hapa, si hapo!" Wanakosea pamoja, wanajifunza pamoja. Mimi nilikuwa na raha yangu na sikuwa na mtu.

Alhamisi fundi alileta flashi mwenyewe. Nikamwuliza kwa mzaha, "Meza yangu mmempa nani?"

"Hajapewa mtu. Tumeweka printa."

Nikaichukua ile flashi, nikaichomeka.

"Na nisikufiche, Mama Pacha," akaendelea, na peremende yake ikigonga meno. "Mashine hii ikifa sitaweza kuifufua. Mfumo huu wenyewe waliouunda wameuacha, hawautengenezi tena. Ukifa, umekufa."

Nilivua hedifoni nikaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Fimbo yangu iligonga kila kiti kilichokuwa njiani, sikujali.

"Naomba ile printa iondolewe mezani pangu."

"Mama Pacha, si wewe mwenyewe uliyeomba kuhama?"

"Niliomba. Sasa naomba kurudi."

"Na huo mfumo mpya, umeupenda lini?"

"Siupendi. Nitaufanyia kazi bila kuupenda. Kwani humu ndani ni wangapi wanaupenda?"

Alipumua kwa pua, sijui kama alicheka au alichoka. Akasema neno la mwisho ni la daktari. Nikaenda kwa daktari. Yeye hakunibembeleza, na kwa hilo namheshimu. Alisema nirudi, ila kila ripoti, kabla sijamtumia, nijisomee yote kwa Bibi Harusi, mstari kwa mstari, hata kama inachukua muda, mpaka yeye aseme basi. Nikakubali. Kwa sauti ile inayojivuta, unaweza kufikiri itakavyokuwa. Mimi niliyekuwa wa kwanza nitakuwa wa mwisho kutoka, na sijui mpaka lini.

Ijumaa fundi alikaa nami mezani, printa ikiwa imeshaondolewa, tukasaka yale madirisha yanayoruka. Aliyaziba moja moja kama mtu anayeziba mashimo ya panya. Wenzangu nao wakaleta viti, kumbe yalikuwa yanawasumbua wote. Vile vitufe visivyo na majina Mama Kicheko alinisomea alivyoviona, nami nikavipa majina yangu, na sasa Bibi Harusi akivifikia anayataja. Lakini kuna dirisha moja ambalo fundi hakupata pa kulifungia. Aliniambia wazi, "Hili bado sijalijua." Ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Kila nikichapa nasikilizia, kama mtu anayelala nyumba yenye nyoka aliyeonekana jana.

Sasa nije kwenye maneno yako ya simu, siku ile niliyokulalamikia kwa ufupi. Ulisema niache kazi hii inayonitesa, nije kwenu mimi na familia, shemeji amekubali na chumba kipo. Ulidhani simu imekatika. Haikukatika, Dada, ni mimi niliyekosa la kujibu, kwa sababu wiki ile ya mguu wa kulia ningekuja hata kwa miguu. Nakushukuru, na shemeji mwambie nimeshika mikono yake yote miwili. Lakini siji. Nimeshakaa kwenye chumba nilichopewa kwa huruma, nimekijua kilivyo. Nikija kwenu nitakuja likizo, na sanduku langu, na tutagombana jikoni kama zamani. Usikasirike. Ukikasirika, nipigie unifokee, nitasikiliza mpaka mwisho.

Baba Pacha ameniwekea mfumo huohuo hapa nyumbani nipate kuuzoea. Tangu asubuhi, mteja akikosekana, anapanda juu, ananisomea gazeti nami nachapa, kisha Bibi Harusi anarudia na sisi tunahakiki. Nimekosea sana. Jana nilikosea zaidi. Nilimwomba radhi kwa yale majibu yangu, akasema ameshayasahau, ila ameyataja yote kwa mpangilio.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Pacha wanakusalimu, wanataka picha ya theluji, nimewaambia hata kama haipo wakutumie salamu tu. Baba Pacha anamsalimu shemeji na kumkumbusha kwamba nywele hazijikati. Mama Kicheko, ambaye hamjaonana, naye amesema asisahauliwe.

Mungu awafunike huko mlipo, awape usingizi mwema na habari njema, na goti la shemeji alitie mafuta.

Nimejisomea barua hii mstari kwa mstari kabla ya kuituma. Imechukua mchana mzima. Kesho ni Jumatatu, nitakuwa mezani pangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,

Mama Pacha